Maswali na Majibu ya Karakana: Zana za Kutengenezea Filimbi za Bata

Barua tulizopokea kuhusu filimbi za mbao zinazotumika kuitia bata-mwitu ni nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu anayetaka kuanza kazi hii anunue zana zipi, na zipi aziache? Tumechagua barua saba. Kabla ya kuzijibu, ni vyema msomaji asiyekifahamu kifaa chenyewe aelewe kwamba filimbi ya bata ina vipande viwili vya mbao vinavyoingiliana. Kipande cha kwanza ni bomba, ambalo mpulizaji huliweka mdomoni. Cha pili ni kizibo, ambacho huchomekwa katika upande wa pili wa bomba. Sehemu ya kizibo inayoingia ndani imekatwa nusu na kuchongwa mfereji, nayo huitwa kibao cha sauti. Juu yake hulala ulimi mwembamba wa plastiki ulioshikiliwa na kabari ndogo. Pumzi hupita kati ya ulimi na kibao, ulimi hutetemeka, na mlio hutokea katika tundu la nyuma la kizibo.

SWALI: Ndugu Mwandishi, mimi ni seremala wa samani kwa miaka mingi. Nina randa, misumeno na patasi za kutosha, lakini sijawahi kumiliki kerezo, ile mashine inayozungusha mti ili uchongwe kwa duara. Je, ninunue kerezo kubwa litakalonifaa hata kwa miguu ya meza, au dogo la kuwekwa mezani linatosha kwa filimbi? Na nikague nini kabla sijalipa? — Seremala wa Samani

JIBU: Ndugu Seremala, kwa filimbi peke yake kerezo dogo linatosha kabisa. Bomba huwa na urefu wa takriban sentimita 9, kizibo hukaribia urefu huo, na gogo la kuanzia ni mche wa mraba wenye upana wa milimita 38 hivi kila upande. Hakuna kerezo la mezani litakaloshindwa kuzungusha kipande cha ukubwa huo. Ukiwa na hakika kwamba utakereza pia miguu ya meza, nunua lenye kitanda kirefu. Lakini usidhani kwamba urefu wa kitanda utakuongezea ubora wa filimbi.

Kinachostahili kukaguliwa kwanza ni unyofu wa vichwa viwili. Chomeka ncha kali katika kichwa cha mota na nyingine katika kichwa cha nyuma, sogeza kichwa cha nyuma hadi ncha zikaribie kugusana, kikaze, kisha ziangalie kutoka juu na kutoka ubavuni. Kukaza ni sehemu ya ukaguzi wenyewe, kwa sababu yapo makerezo ambayo ncha zake hukutana vizuri kichwa kikiwa kimelegezwa na kupishana mara tu wenzo unapobanwa. Kwa mguu wa meza ulioshikwa kati ya ncha mbili, kupishana kidogo si hoja, kwani mti huzunguka katika mhimili wake wenyewe. Katika filimbi mambo ni mengine, kwa kuwa tundu la bomba hutobolewa na biti, yaani ncha ya kutobolea, iliyoshikwa katika kichwa cha nyuma, na biti isiyoelekea katikati ya mzunguko hupanua mdomo wa tundu, ikaacha tundu pana mwanzoni na jembamba mbele. Kizibo kikiingia katika tundu kama hilo hucheza, hata kama ulikikereza kwa ustadi mkubwa.

Baada ya hapo angalia mwendo wa chini. Wanunuzi wengi huuliza kerezo linafikisha mizunguko mingapi, ilhali mkereza filimbi hana haja ya kasi kubwa sana: kulainisha umbo la nje hufanyika vizuri kati ya mizunguko 1,500 na 2,500 kwa dakika. Kutoboa mti mgumu, hata hivyo, kunataka mizunguko 500 au chini yake, na yapo makerezo madogo yasiyoweza kushuka kiasi hicho. Uliza kuhusu kasi ya chini kabla ya kuuliza kuhusu nguvu ya mota.

La tatu ni tundu la mchongoko lililomo katika vichwa vyote viwili, linalojulikana kwa jina la Morse. Chagua lenye Morse namba 2. Makerezo madogo kabisa, yale yaliyokusudiwa kwa kalamu, huja na namba 1, na kishikio cha biti chenye mkia mwembamba wa namba hiyo huteleza na kuzunguka ndani ya tundu lake pale biti inapong'ang'ania kwenye mti mgumu. Angalia pia nyuzi za skurubu kwenye mhimili wa kichwa cha mota, kwa kuwa chaki utakayoinunua baadaye, yaani kile kishikio chenye taya nne, lazima ilingane nazo. Makerezo yanayouzwa Marekani mara nyingi huwa na mhimili wa inchi 1 wenye nyuzi 8 kwa inchi, na ya Ulaya mara nyingi ni M33, yaani wa milimita 33. Ukinunua chaki kabla ya kujua nyuzi zako utalazimika kununua na adapta, na kila adapta huongeza mahali pengine pa kupinda.

Umbali ambao shina la kichwa cha nyuma linaweza kusogea si jambo la kukunyima usingizi. Kama ni sentimita 6, utatoboa hadi hapo, utarudisha shina, utasogeza kichwa chote mbele na kuendelea. Inachosha kidogo, basi.

SWALI: Tundu langu huanza katikati ya mti na kutokea ubavuni. Nimebadilisha biti na hali ni ileile. Nitafute biti ya aina gani, na je, ninahitaji kweli kile kifimbo wanachokiita mandreli? — Mwenye Tundu la Mshazari

JIBU: Biti inaweza kuwa na lawama, lakini sehemu kubwa ya lawama ni ya mti. Unapotoboa kwa kufuata urefu wa nyuzi, biti hukutana na tabaka ngumu na laini za pete za ukuaji, nayo hupenda kufuata laini. Biti ya kawaida ya msokoto, iliyokusudiwa chuma, hutangatanga zaidi kwa sababu ncha yake ni butu kwa mti. Biti yenye ncha ndogo kali katikati na makali mawili pembeni hushika njia vizuri zaidi. Ile yenye kichwa kipana cha duara hukata ukuta safi, lakini haina mifereji ya kutolea maranda, kwa hiyo huziba upesi katika tundu refu na kuanza kuchoma. Kwa bomba la filimbi sisi tungechagua ile ya ncha katikati, iliyonolewa, na kuitangulizia biti fupi nene ambayo haiwezi kupinda, ili tundu lipate mdomo ulionyooka. Toboa kidogo, toa biti ikiwa bado inazunguka, ondoa maranda, rudi. Ukisikia biti inalia au ukinusa moshi, umechelewa kuitoa.

Pamoja na hayo, jibu la kweli la swali lako limo katika sehemu ya pili ya barua yako. Tundu halihitaji kuwa katikati ya mche, kwa sababu mche si filimbi bado. Toboa kwanza, kereza baadaye. Mandreli ni kifimbo cha chuma kinachoingia ndani ya tundu na kutanuka kwa kukazwa skurubu, kikalishika bomba kutoka ndani, hivyo kwamba kila unachokikereza kwa nje hukizunguka kile tundu ulichokitoboa. Tundu lililotokea milimita 3 pembeni mwa mche hujikuta katikati kamili ya bomba baada ya kukereza, mradi mche ulikuwa na unene wa kutosha. Wanaokereza umbo la nje kwanza na kutoboa mwishoni ndio wanaoambulia bomba lenye ukuta mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine, na ukuta mwembamba ndio unaopasuka. Kwa hiyo ndiyo, unakihitaji kifimbo hicho, na tunakiweka juu ya chaki katika orodha ya ununuzi.

Lipo jambo dogo linalowasumbua wengi hapa. Kipimo kilichozoeleka cha tundu la bomba ni inchi 5/8, ambayo ni milimita 15.875. Katika maduka yanayotumia vipimo vya metriki mtu huuziwa biti ya milimita 16 na kuambiwa ni kitu kilekile. Tofauti ni milimita 0.125, ni ndogo kwa macho, lakini mandreli iliyotengenezwa kwa inchi huweza kucheza ndani yake, na kizibo kilichokerezwa kwa kufuata mchoro wa inchi hakibani. Nunua biti na mandreli vya mfumo mmoja, na ukiweza vinunue siku moja mahali pamoja. Kisha usiamini namba iliyoandikwa kwenye biti. Pima tundu lenyewe kwa kalipa, yaani kipimio chenye taya mbili, mdomoni na upande wa pili, na ukikereze kizibo kwa kufuata kipimo cha tundu hilo. Kalipa ya kawaida ya kidijitali, inayosoma hadi sehemu mia ya milimita, inatosha. Usitumie zaidi ya hapo kwenye kipimo ambacho mti wenyewe utakibadilisha unyevu wa hewa ukibadilika.

SWALI: Nimepata sanduku la patasi nane za kukerezea. Je, ni heri nichukue sanduku, au ninunue moja moja? Na hizi mpya zenye ncha ya kabaidi, ile malighafi ngumu kupita chuma, zisizohitaji kunolewa, zinafaa? — Mnunuzi Mwangalifu

JIBU: Moja moja, Ndugu. Filimbi haina mabonde wala mashavu ya ajabu, na patasi nne zinaimaliza: ile pana ya kuparia pembe za mche, ile nyembamba yenye mfereji wa milimita 10 hivi kwa ajili ya mikunjo ya umbo, ile ya mshazari kwa kulainisha na kuchora mistari, na ile nyembamba ya milimita 3 ya kukatia na kupimia kipenyo. Ya mshazari ndiyo ngumu kuizoea, na mwanafunzi anaweza kuiacha kwa miezi ya mwanzo bila hasara. Ya kukatia, kinyume chake, ndiyo itakayoamua kama kizibo kinaingia katika bomba, kwa sababu ndiyo unayoishika mkono mmoja huku kalipa ikiwa katika mkono wa pili; hakikisha ubapa wake umenyooka na mpini wake haukulemei. Kerezo liwe limesimama unapoweka kalipa.

Kuhusu chuma, chagua kile kinachoitwa chuma cha kasi, ambacho hustahimili joto la jiwe la kunolea. Chuma cha kaboni hunoleka kwa makali mazuri sana, lakini kikigeuka buluu kwenye jiwe kimepoteza ugumu wake mahali hapo, na itakubidi ukisage hadi upite sehemu iliyoungua.

Ncha za kabaidi zinafaa, nasi hatukubaliani na mafundi wanaozidharau. Ikichakaa, unaizungusha kidogo na kuendelea. Kasoro yake ni kwamba kwa kawaida hukwangua badala ya kukata, ikaacha uso unaotaka msasa mwingi zaidi, hasa kwenye miti laini. Kwenye miti migumu na mikavu inayovunjika kwa vipande vidogo, kukwangua si kasoro kubwa. Mtu asiye na jiwe la kunolea atafanya kazi nzuri zaidi kwa kabaidi kuliko kwa patasi bora iliyo butu. Lakini ukiamua kufuata njia ya patasi za kawaida, basi mashine ya kunolea na kile kishikio chake cha kutunza pembe vinunuliwe pamoja na patasi ya kwanza, si baada ya ya nne. Jiwe la kipenyo cha milimita 200 linalozunguka polepole, mizunguko kama 1,400 hadi 1,750 kwa dakika, ndilo linalofaa kwa anayeanza, kwa kuwa humpa nafasi ya kuona anachokifanya.

SWALI: Kuna vifaa vya chuma vinavyouzwa ambavyo hubana kizibo ili mtu akate kibao cha sauti kwa kufuata umbo lililomo. Mwenzangu anasema fundi wa kweli hutumia tupa na macho yake tu, na kwamba kifaa hicho ni cha wavivu. Nani kati yetu yuko sahihi? — Msikilizaji wa Mlio

JIBU: Mwenzako yuko sahihi kuhusu fundi aliyekwisha kuiva, nawe uko sahihi kuhusu mtu anayeanza. Swali hili tunalijibu kwa kirefu kwa sababu ndipo filimbi inapopata au kukosa sauti, na ndipo wanunuzi wengi wanapobana matumizi baada ya kumaliza fedha zao kwenye kerezo.

Kifaa hicho, ambacho tutakiita kiolezo, ni kipande cha chuma au aluminiamu chenye tundu la kipenyo cha kizibo. Unachomeka kizibo kilichokwisha kukerezwa na kutobolewa tundu la pumzi, unakibana kwa skurubu, kisha unaondoa kwa msumeno na tupa kila kinachojitokeza juu ya uso wa kiolezo. Uso huo una sehemu tatu za kuangalia: mahali bapa pa kulalia kitako cha ulimi, hatua ambapo kabari itashuka, na mteremko mrefu unaopinda taratibu kuelekea ncha. Mteremko huo ndio moyo wa kazi. Ulimi umelala bapa kitakoni na kuachana na kibao kidogo kidogo kuelekea mbele, na mwachano huo ndio unaouwezesha kupiga na kurudi. Ukiwa mkubwa mno, mpulizaji hutumia pumzi nyingi kupata mlio wowote. Ukiwa mdogo mno, ulimi hulala juu ya kibao pumzi ikizidi, na filimbi hunyamaza ghafla katikati ya mlio. Mapito machache ya tupa yanatosha kukutoa katika hali moja na kukutupa katika nyingine, na anayeanza hana namna ya kujua amekwenda wapi kwa sababu hajawahi kushika kibao kilicho sahihi akalinganisha. Kiolezo humpa kibao cha kulinganisha. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kukinunua.

Kabla ya kukichagua, amua unataka filimbi ya mtindo upi, kwa maana violezo haviingiliani. Katika ziwa Reelfoot, jimboni Tennessee, ambako Victor Glodo hutajwa miongoni mwa waasisi wa kazi hii mwishoni mwa karne ya 19, ulizoeleka mtindo wa ulimi wa chuma uliopindwa na kulazwa juu ya kibao kilichonyooka. Kazi ya mpindo hufanywa na ulimi. Katika mtindo wa Arkansas mambo yamegeuzwa: ulimi ni bapa, na kibao ndicho kilichopinda. Huu wa pili ndio unaosikika zaidi Stuttgart, jimboni Arkansas, ambako mashindano ya dunia ya kuita bata hufanyika tangu 1936, na ndio tunaoupendekeza kwa anayeanza, kwa kuwa ulimi wake wa plastiki hukatwa kwa mkasi na kubadilishwa kwa dakika moja, ilhali ulimi wa chuma hudai mkono uliozoea kukunja shaba.

Kuhusu malighafi ya kiolezo, chuma kilichofanywa kigumu hudumu, lakini humaliza meno ya tupa kila yanapokigusa. Aluminiamu haiumizi tupa. Badala yake yenyewe ndiyo inayoliwa, na baada ya vibao vingi umbo lake huwa si lile ulilolinunua. Chukua cha chuma kigumu, na ujifunze kusimama mapema: kata sehemu kubwa kwa msumeno wa meno madogo ukibakiza kama milimita moja juu ya uso, shusha kwa tupa hadi ukaribie, kisha malizia kwa mapito mepesi. Tupa ikianza kuteleza na kutoa mlio wa chuma, umefika. Usiendelee kusugua ili kujiridhisha.

Tupa yenyewe iwe bapa, yenye meno ya mstari mmoja, urefu wa sentimita 20 au 25, na iwe na ubavu mmoja usio na meno. Ubavu huo laini huegemea kwenye ukuta wa hatua ya kabari bila kuukata, na asiye nao hujikuta kila mara anausogeza ukuta nyuma bila kujua. Iangalie kwa kuiinua kuelekea mwanga na kuiwekea rula: tupa nyingi zimevimba kidogo katikati, na tupa iliyovimba huchimba kibao mahali ambapo ulimi ulitakiwa kulala bapa. Ipake chaki ya kuandikia ili unga wa mbao usigande kati ya meno, isafishe kwa brashi ya waya, na kamwe usiiguse kwa chuma kingine. Tafuta na tupa ndogo ya mviringo kwa ajili ya mfereji wa pumzi, pamoja na kipande cha kioo kinene ambacho utabandikia msasa namba 400. Hapo ndipo sehemu bapa hukamilishwa, kwa mapito machache ya kuvuta upande mmoja tu. Kwenda na kurudi huviringisha kingo.

Mwenzako akija kukutembelea, mwonyeshe kibao ulichokata kwa kiolezo na umwombe akirekebishe kwa tupa na macho yake. Mafundi wengi wa filimbi hufanya hivyohivyo: kiolezo huwafikisha karibu, na mkono humalizia kwa kusikiliza. Utakapofika hapo, hifadhi kibao kimoja kilicholia vizuri na usikitumie kwa jambo jingine lolote isipokuwa kulinganishia.

SWALI: Sina kerezo wala sitalipata karibuni. Nina mashine ya kutobolea ya kusimama na zana za mkono. Je, niache? — Asiye na Kerezo

JIBU: Usiache. Bomba halilazimiki kuwa la duara kwa nje. Linaweza kuwa na pande nane zilizopigwa randa na likalia vilevile, na mashine ya kusimama hutoboa tundu lililonyooka mradi mti umebanwa wima katika jiliwa. Kigumu ni kizibo, kwa sababu sehemu inayoingia bombani lazima iwe duara na ibane. Njia mojawapo ni kununua fimbo ya mbao ngumu ya duara yenye kipenyo kinachokaribia tundu lako na kuipunguza kwa msasa hadi ikae. Fedha utakazoziokoa ziende kwenye kiolezo na tupa.

SWALI: Nataka kutumia mpingo. Nimeonywa kuwa unaharibu zana na vumbi lake ni baya. Ni zana gani za ziada nitahitaji, na je, nivae glavu? — Mpenzi wa Mpingo

JIBU: Kwanza glavu: hapana. Glavu, mikono mirefu ya shati, mkufu na nywele zisizofungwa havina nafasi mbele ya kerezo linalozunguka, kwa kuwa kitambaa kikinaswa huuvuta mkono pamoja nacho. Vaa ngao ya uso mzima, si miwani peke yake.

Mpingo ni chaguo zuri. Ni mti uleule unaotengenezewa klarineti na zumari za okestra, na sababu ni ileile: ni mzito, nyuzi zake zimeshikamana, na kingo za kibao kilichochongwa kwake hazimeguki wala hazivimbi upesi kwa mate. Kibao cha sauti kilichokatwa kwenye mti laini huanza na mlio mzuri na kubadilika baada ya kulowa mara kadhaa. Ni kweli hata hivyo kwamba unamaliza makali. Patasi itataka kunolewa mara nyingi, na hapa ndipo ncha za kabaidi hulipa. Joto ni adui mwingine, kwa maana mpingo uliopashwa na biti butu hupasuka, wakati mwingine saa kadhaa baada ya kutobolewa. Toboa tundu dogo kwanza, uliache lipoe, kisha utoboe la kipimo kamili.

Vumbi la mpingo, kama la jamaa zake wa jenasi ya Dalbergia, huweza kuwasha ngozi na kuleta mzio wa njia ya hewa, na mzio huo huzidi kwa kadiri mtu anavyorudia kulivuta. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Tafuta yenye vichujio vinavyobadilishwa, na uvute vumbi kwa mashine hasa wakati wa kupiga msasa, ambapo ndipo unga mwembamba zaidi huruka. Jambo la mwisho ni la karatasi: tangu Januari 2017 jenasi nzima ya Dalbergia imo katika orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe, kwa hiyo anayekusudia kuvusha mpingo au filimbi zake mpakani na aulize kwanza kuhusu vibali vinavyohitajika.

SWALI: Ulimi wa plastiki nikate kwa kifaa gani? — Mwenye Haraka

JIBU: Kwa mkasi mkali, mwembamba, ambao haujawahi kukata msasa. Plastiki ya Mylar inayotumika huwa na unene wa inchi 0.010 au 0.014, yaani takriban milimita 0.25 au 0.36, ile nyembamba huitikia pumzi ndogo, na ile nene hutaka kifua zaidi. Anza na ulimi mrefu kuliko unavyodhani unahitaji, upige, kisha punguza ncha kwa nusu milimita kila mara, kwa maana kila unapoufupisha mlio hupanda, na hakuna njia ya kuushusha ila kukata ulimi mpya. Pembe za ncha zikatwe kidogo ili zisikwaruze ukuta wa bomba. Weka alama ya kalamu upande wa juu kabla ya kuuondoa ili kuusafisha, kwa kuwa plastiki hiyo mara nyingi ina mpindo hafifu iliotoka nao kwenye bunda, na ulimi uliogeuzwa huifanya filimbi hiyohiyo itoe sauti nyingine.